Mtandao Unaokatika na Kurudi: Namna ya Kuisaka Hitilafu ya Ruta Huko Rusumo

Kwenye maporomoko ya Rusumo, mahali ambapo mto Ruvuvu umekwisha kumwaga maji yake katika mto Kagera, Tanzania na Rwanda hutazamana kutoka ng'ambo mbili za bonde jembamba. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894, na hapo ndipo malori ya mizigo yanapovukia leo, juu ya daraja lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa mwezi Aprili 2016 pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Kwenye maporomoko yenyewe kipo kituo cha umeme wa maji cha megawati 80, mali ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Na ardhini, katika eneo hilo hilo, hupita nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao hapo Rusumo huunganishwa na mitambo ya Rwanda.

Kwa hiyo msomaji aweza kudhani kwamba mkazi wa Rusumo hana haja ya kulalamikia intaneti. Mambo hayaendi hivyo. Nyumba iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye nyuzi hizo yaweza kupoteza mtandao mara kumi kwa siku, ukarudi wenyewe bila mtu kugusa kitu, kisha ukapotea tena. Wakala wa forodha aliyekuwa akituma tamko la mzigo hubaki ametazama kioo cha kompyuta huku dereva akimsubiri nje. Mtahiniwa wa kidato cha nne aliyekuwa akipakua mitihani ya miaka iliyopita huanza upya kwa mara ya tatu, na kila mara bando hupungua. Mwishowe baba mwenye nyumba huamua kununua ruta mpya. Fedha hutoka, hitilafu hubaki.

Ruta, ambayo wataalamu wa lugha huiita kipanga njia, si chombo kigumu kukielewa. Kinachowashinda watu ni tabia ya hitilafu yenyewe. Hitilafu ya kudumu humngoja fundi. Hitilafu ya vipindi humkimbia. Fundi afikapo, mtandao upo. Aondokapo, haupo. Katika hali hiyo kila dawa huonekana kuponya, kwa sababu ugonjwa ungaliondoka wenyewe hata bila dawa. Aliyezima ruta na kuiwasha husema kuzima ndiko kulikosaidia; aliyeigeuza antena husema ni antena; na aliyekaa kimya akinywa chai hasemi neno, ingawa mtandao wake ulirudi kwa dakika zile zile.

Mnyororo wenye pete nyingi

Kabla ya kutafuta mahali palipokatika, yafaa kujua ni pete ngapi zilizoko katika mnyororo. Chukua nyumba ya mwalimu iliyojengwa juu ya kilima kinachotazama mto, yenye kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati. Simu yake inazungumza na ruta kwa mawimbi mafupi ya redio, yale yanayoitwa Wi-Fi. Ruta inampa kila mgeni wa nyumbani anwani yake ya namba na kupitisha vifurushi vya habari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani ya kasha hilo hilo mna redio ya pili, yenye laini kama ya simu, inayozungumza na mnara wa kampuni. Mnara hupeleka habari hizo mbele, ama kwa nyuzi za kioo, ama kwa boriti ya mawimbi ya maikro kwenda mnara mwingine juu ya kilima kingine. Kutoka hapo safari ni ndefu: kilomita zipatazo 1,300 hadi Dar es Salaam, na kisha baharini.

Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani theluthi mbili ya kasi yake katika ombwe. Mwanafunzi na apige hesabu: kwenda Dar es Salaam na kurudi ni kilomita 2,600, na muda wake ni sekunde 0.013, yaani milisekunde 13. Ikiwa habari inayotafutwa imehifadhiwa ng'ambo ya bahari, na njia ya waya ina urefu wa kilomita 10,000, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 100, hata mitambo yote ikiwa mizima. Namba hizi zinafaa kukumbukwa, kwani ndizo zitakazomwonyesha mchunguzi kama kuchelewa anakokuona ni kwa maumbile au ni kwa ugonjwa.

Daftari kwanza

Kabla ya kuwapo hadubini, matabibu walizitambua homa za malaria kwa saa zake tu. Homa iliyopanda kila baada ya saa 48 walikuwa na jina lake, na ile ya kila baada ya saa 72 jina lake, ingawa hakuna aliyekuwa amekiona kijidudu chenyewe. Njia hiyo ya kale ndiyo njia bora kuliko zote kwa ruta inayoyumba. Atafutaye na afungue daftari, aandike kwa siku saba: saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, taa zipi za ruta zilikuwa zinawaka, umeme ulikuwa wa gridi au wa betri, mvua ilikuwa inanyesha au la, na watu wangapi walikuwa wakitumia mtandao nyumbani.

Kazi hii huwachosha wengi, nao huiona ya kitoto. Hata hivyo kurasa mbili za daftari la namna hiyo zina thamani kuliko wiki nzima ya kubonyeza vitufe. Mtandao ukilegea kila jioni kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, huku mawimbi yakiwa na nguvu ile ile, dalili ni msongamano: watu wengi wamerudi nyumbani na wanagawana mnara mmoja. Ukikatika adhuhuri katika miezi ya jua kali, na ruta imewekwa kwenye rafu iliyo karibu na bati, joto ndilo linaloshukiwa. Ukikatika katika vipindi vilivyo sawa kabisa, kama saa ya ukutani, basi yafaa kutazama makubaliano ya anwani. Namba ambayo ruta huwapa wageni wake, au ambayo yenyewe hupewa na kampuni, hukodishwa kwa muda maalumu. Kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 1997, chombo huomba kuongezewa muda nusu ya kipindi inapofika, na kikikosa jibu huomba tena kwa yeyote awezaye kujibu baada ya sehemu 7 katika 8 za kipindi. Kama maombi yote hayakujibiwa, anwani hupotea kipindi kinapokwisha, na mtandao nao hufa papo hapo hadi anwani mpya ipatikane. Hitilafu ya namna hii haijali mvua wala jua.

Kuuliza kwa hatua

Daftari likishasema ni wakati gani, inabaki kuuliza ni wapi. Chombo cha kuulizia kimo ndani ya kila kompyuta, nacho huitwa ping. Kiliandikwa mwezi Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la nchi kavu la Marekani, akakipa jina la mlio wa vyombo vya nyambizi vinavyopima umbali kwa mwangwi. Kazi yake ni nyepesi: hutuma kifurushi kidogo kwa anwani iliyotajwa, hungoja kirudi, na kuandika milisekunde zilizopita.

Mchunguzi huanza na pete iliyo karibu naye. Huiuliza ruta yenyewe, ambayo anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kasha na aghalabu ni 192.168.1.1 au namba inayofanana nayo. Jibu la milisekunde 2 au 5 ni la kawaida. Majibu yakipotea hapa, au yakipanda ghafla hadi mia kadhaa, hakuna sababu ya kuilaumu kampuni wala mnara, kwani kifurushi hakijatoka hata mlangoni. Kosa liko baina ya kompyuta na ruta, na jaribio la kuthibitisha ni kuviunganisha viwili hivyo kwa waya. Waya ukinyamazisha tatizo, mwenye makosa ni Wi-Fi: labda ukuta mnene, labda jirani anayetumia mkondo ule ule. Katika masafa ya gigahezi 2.4 ni mikondo mitatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, inayoweza kutumika bila kuingiliana. Na msomaji asishangae akikuta nyumba tano za jirani zote zimejirundika katika mmoja.

Ruta ikijibu vizuri, hatua ya pili ni kuuliza anwani ya mbali kwa namba, mathalani 8.8.8.8, ambayo ni ya mitambo ya Google. Hatua ya tatu ni kuuliza mahali pale pale pa mbali kwa jina badala ya namba. Hapa ndipo wengi hupotezwa. Ikiwa namba inajibu na jina halijibu, basi barabara ni nzima na kilichokosekana ni kitabu cha majina. Mfumo wa kugeuza majina kuwa namba ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, nao hutegemea mashine zinazojibu maswali ya majina. Mashine ya majina ikilemewa, kurasa hazifunguki, na mwenye nyumba huapa kwamba mtandao umekatika, ilhali mtandao upo. Tiba yake ni kuandika ndani ya ruta anwani ya mashine nyingine ya majina, kazi ya dakika tano isiyogharimu senti.

Yafaa kuonya hapa kwamba kifurushi kimoja kilichopotea si ushahidi. Mitambo mingine imeamriwa isijibu maswali ya namna hii, na mingine hujibu pale tu inapopata nafasi. Mchunguzi makini hutuma vifurushi mia moja, akahesabu vilivyopotea, kisha hurudia hesabu hiyo wakati mtandao ukiwa mzima ili apate kipimo cha kulinganishia. Pasipo kipimo cha uzima hakuna kipimo cha ugonjwa.

Mnara wa ng'ambo ya mto

Hadi hapa yaliyoelezwa yangeweza kutokea Tabora au Tanga. Lakini Rusumo ina ugonjwa wake, nao hutokana na jiografia. Mawimbi ya redio hayana pasi ya kusafiria. Mnara uliosimamishwa juu ya kilima cha Rwanda hutoa mawimbi yanayoshuka bondeni, yanavuka Kagera na kupanda mteremko wa upande wa Ngara bila kumwuliza mtu. Pengine nyumba ya mwalimu iliyotajwa juu imekingwa na mgongo wa kilima isiuone mnara wa Tanzania, huku ikiutazama waziwazi ule wa ng'ambo.

Kila mkazi wa mpakani amekwisha kuiona dalili yake katika simu. Saa za Tanzania ziko mbele ya saa za Rwanda kwa saa 1. Ikiwa ni saa 4 asubuhi upande huu, ni saa 3 asubuhi upande ule. Simu inayojiwekea saa yenyewe, ikinasa mnara wa ng'ambo, hurudi nyuma kwa saa nzima, na mwenye simu hufika kazini amechelewa bila kujua kwa nini. Wengi huicheka habari hiyo. Kwa mchunguzi wa ruta ni ushahidi usio na bei: ikiwa simu iliyowekwa mezani kando ya ruta hubadili saa zake, basi na ruta iko katika hatari ile ile, isipokuwa ruta haina uso wa kuonyesha.

Linalotokea ndani yake ni hili. Laini ya Tanzania hupendelea mtandao wa nyumbani. Mtandao huo unapofifia kupita kiasi, hata kwa sekunde chache, ruta hutafuta mwingine, hukuta ule wa ng'ambo wenye nguvu na kujiandikisha kwake. Hata hivyo ruta nyingi zimefungwa zisitumie data ugenini, kwa sababu ya gharama. Basi taa ya mnara huwaka, mistari ya nguvu inajaa, na intaneti haipo. Jambo la pili ni muhimu zaidi. Ruta iliyo ugenini hairudi nyumbani mara tu mtandao wa nyumbani unapopata nguvu. Hujaribu kurudi kwa vipindi, na urefu wa kipindi umeandikwa ndani ya laini kwa hatua za dakika 6. Pasipoandikwa kitu, kanuni huhesabu dakika 60. Kwa hiyo kufifia kwa sekunde kumi kwaweza kuzaa ukimya wa karibu saa nzima, nao ukimya huo hukoma wenyewe. Hii pia ndiyo sababu kuzima na kuwasha ruta huonekana kuwa dawa: kila inapowashwa huanza msako upya, na nyumbani ndipo inapotazama kwanza.

Dhana hii, kama dhana zote za kisayansi, inapasa kujaribiwa. Ukurasa wa maelezo ya ruta huonyesha namba ya mtandao iliyojiandikisha kwake. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: 640 ni Tanzania, 635 ni Rwanda, na 642 ni Burundi, ambayo mpaka wake nao hauko mbali na Rusumo. Mtandao unapokatika, mchunguzi na afungue ukurasa huo kabla ya kuzima chochote. Akiikuta 635, amekwisha kumkamata mwizi akiwa na mzigo. Akiikuta 640, dhana imeanguka, naye aende mahali pengine.

Tiba ni kuiamuru ruta ichague mtandao kwa mkono wala isitafute wenyewe, na kuihamisha hadi upande wa nyumba unaoelekea mnara wa nyumbani, ili kuta zilizokuwa adui ziwe kinga dhidi ya mawimbi ya ng'ambo. Kuna wanaoshauri kinyume chake, yaani kufungua ruhusa ya data ya ugenini. Intaneti itarudi, ni kweli. Lakini ruta haichoki kama mtu. Usiku kucha itaendelea kupakua marekebisho ya programu za simu zote za nyumbani kwa bei ya ugenini. Ushauri huo ni wa hatari na haufai kutolewa kwa mtu asiyejua bei yake.

Nguvu ya mawimbi, na logi za darasani

Wanafunzi huuliza mara nyingi logi zina faida gani nje ya mtihani. Ukurasa wa ruta unawajibu. Nguvu ya mawimbi yanayopokewa huandikwa kwa desibeli ikilinganishwa na miliwati 1, na huwa ni namba hasi: −85 ni nzuri, −115 ni mbaya. Tofauti ya desibeli 30 inaonekana ndogo kwa macho. Maana yake ni mara 1,000. Kila desibeli 10 ni mara kumi, na kila desibeli 3 ni karibu mara mbili. Nguvu ya −100 ni sehemu moja ya wati iliyogawanywa kwa 10 yenye kipeo cha 13, na bado redio ya ruta huisoma. Ni ajabu kwamba chombo cha bei hiyo kinaweza kazi hiyo hata kidogo.

Ruta iliyofichwa nyuma ya kabati, chini ya bati, katikati ya kuta mbili za matofali, huipoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo bure. Kuisogeza hadi dirishani na kuandika namba mpya ni jaribio linalofaa kufanywa na kidato cha pili: sehemu kumi za nyumba, vipimo vitatu kila sehemu, wastani wake, na ramani. Jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja. Anayeihamisha ruta, anabadili mkondo na kununua antena siku hiyo hiyo, hata akipona hatajua amepona kwa nini.

Adapta inayodanganya

Kati ya hitilafu zote za vipindi, iliyo ya kawaida na isiyoshukiwa ni ile ya chakula cha ruta. Kwa miaka mingi umeme wa Ngara na Biharamulo ulitoka katika jenereta za dizeli, na wenye nyumba walizoea kukatika kwake. Wengi bado wana betri na paneli za jua. Ruta hula volti 12, na adapta yake huandikwa volti 12 na ampea 1 au 1.5. Fundi hugusa ncha zake kwa mita, huona volti 12, akatangaza kwamba ni nzima. Kipimo ni cha kweli na hukumu ni ya uongo.

Sababu yake imo katika kitabu cha fizikia, katika sura ya ukinzani wa ndani. Volteji inayopatikana nje ni kani ya chanzo kutoa zao la mkondo na ukinzani wa ndani. Mita haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo haipunguzi kitu. Tuseme adapta iliyozeeka ina ukinzani wa ndani wa omu 2.5. Ruta iliyotulia inavuta ampea 0.3; volteji inakuwa 12 kutoa 0.75, yaani 11.25, na kazi inaendelea. Ruta inapoanza kurusha mawimbi kwa nguvu, kwa sababu mnara uko mbali na watoto wote wanatazama video, huvuta ampea 1.2, volteji inashuka hadi 9. Ubongo wa ruta huzimika na kujiwasha upya. Mkondo hushuka, volteji hupanda, na baada ya dakika mbili mambo ni shwari. Ndiyo maana hutokea pale tu mtandao unapohitajika sana, jambo ambalo watu hulidhania kuwa ni kisirani. Katika adapta za kisasa mambo ni magumu kidogo kuliko mfano huu, kwani mwenye kosa mara nyingi ni kapasita iliyokauka kwa joto, ambayo huacha volteji ikitetemeka badala ya kushuka tu. Lakini dalili ni ile ile.

Taa ndizo mashahidi. Ruta iliyopoteza mnara huzima taa moja. Ruta iliyokosa chakula huzima zote, kisha huziwasha kwa utaratibu ule ule wa asubuhi. Ukurasa wake pia huandika muda uliopita tangu iwashwe: ikisema dakika 14, na hakuna mtu aliyeigusa tangu jana, kesi imekwisha. Kwa adapta yenyewe, jaribio la haki ni kuipima ikiwa imebebeshwa mzigo. Taa ndogo ya pikipiki ya volti 12 na wati 10 huvuta karibu ampea 0.8, nayo inatosha, mradi adapta imeandikwa ampea 1 au zaidi. Volteji ikibaki juu ya 11.5 taa inapowaka, adapta na iachiwe.

Wanaotumia betri ya jua moja kwa moja wana mtego mwingine, nao ni waya mwembamba. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5, uliovutwa mita 10 kutoka kwenye betri, una mita 20 kwa kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni karibu omu 0.7. Kwa ampea 1 huondoka volti 0.7. Betri ya risasi iliyojaa ina volti 12.7, na inayokaribia kwisha ina 11.8 au pungufu, toa 0.7, na alfajiri ruta inaanza kufa na kufufuka, kabla jua halijapanda. Daftari litakuwa limeandika: kila siku kati ya saa 10 na saa 1 asubuhi.

Mvua, radi na bahari

Mvua huibadilisha hesabu, ingawa si kwa namna watu wanavyodhani. Mawimbi ya megahezi 800 yanayotoka mnarani kuja nyumbani yana urefu wa karibu sentimita 37, na matone ya mvua, ambayo ni ya milimita chache, hayawezi kuyadhuru sana. Boriti inayounganisha mnara na mnara ni jambo jingine. Katika gigahezi 23 urefu wa wimbi ni milimita 13, na tone la mvua kubwa huanza kuwa kizuizi cha kweli. Hivyo katika dhoruba ruta huonyesha mawimbi yenye nguvu zote, na intaneti haipo: nyumba inausikia mnara, mnara hausikii dunia. Hakuna la kufanya nyumbani isipokuwa kungoja, na kuchomoa ruta ukutani, kwa sababu nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kabisa katika Afrika.

Waya za ardhini nazo hukatwa na makatapila ya barabara, na wahandisi huitafuta sehemu iliyokatika kwa mwangwi, sawa na ping. Hurusha mpigo wa nuru ndani ya uzi na kupima muda wa kurudi kwake kutoka mahali palipovunjika. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.0004, nuru imesafiri kilomita 80 kwenda na kurudi. Gari la mafundi likitoka Rusumo litaelekea kilomita 40 kwenye njia ya Lusahunga. Na zaidi ya nchi kavu kuna bahari. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu za maandishi mwaka 1879, na pwani ya Afrika Mashariki imeendelea kutegemea waya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, waya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo aliyezima na kuwasha ruta yake Rusumo alikuwa anatibu goti kwa ugonjwa wa kichwa.

Hitilafu ya mbali hutambulika kwa kuuliza jirani. Nyumba tatu zenye kampuni tatu zikikosa kurasa za ng'ambo kwa wakati mmoja, huku ruta zote zikijibu na namba ikisomeka 640, kosa haliko Rusumo. Nyumba moja ikikosa na ya jirani mwenye kampuni ile ile ikipata, kosa liko ndani ya uzio. Na ikiwa ni lazima kuipigia kampuni simu, anayepiga asiseme kwamba mtandao unasumbua, kwani sentensi hiyo husikika mara mia kwa siku. Aseme tarehe na saa za kukatika, namba ya mtandao iliyoonekana, nguvu ya mawimbi kwa desibeli, vifurushi vilivyopotea katika mia kuelekea kwenye ruta na kuelekea mbali, na kwamba adapta imekwisha kupimwa ikiwa na mzigo.